Niliambiwa Niseme Sina Dada

Kuna mama wa Bukavu, Kongo, ninayenunua kwake vitenge hapa Mwanza. Alitoka kwao na watoto watatu, miezi michache baada ya mji kuingiwa na waasi wa M23, Februari 2025. Siku moja nilimkuta amekaa tu, hata bei hataji. Nikamuuliza kulikoni. Akamnyooshea kidole kijana wake aliyekaa chini ya meza ya bidhaa: "Papa, huyu mutoto hasemi tena." Mtoto anakula, analala, anatumwa dukani na anarudi na chenji kamili. Lakini ukimuuliza jina lake anautazama mdomo wako kama anayesubiri ufunge.

Ana miaka 9. Nami nilikuwa na miaka 9, darasa la tatu, askari wa Idi Amin walipoingia kijijini kwetu. Kwa hiyo yafuatayo namwandikia yule mama, na mzazi mwingine yeyote aliyetoka na watoto mahali kama pale. Tuliyakosea mengi. Mengine yangeweza kuepukika kwa maneno mawili.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mto Kagera, si mbali na Bunazi, upande wa barabara iendayo mpakani Mutukula. Ramani ilituweka Tanzania, ila mto ulikuwa mgongoni mwetu na Uganda usoni. Nusu ya ukoo wa bibi walikuwa Masaka. Wazee walikuwa wamekwenda Buganda kulima kahawa, wakarudi na baiskeli, na kwenda mpakani kwetu kulikuwa kama kwenda gulioni. Ndiyo maana mizinga ilipoanza kusikika Oktoba 1978 watu walitishika siku mbili, kisha wakazoea. Tulikuwa darasani tukikariri jedwali la saba huku madirisha yanatetemeka, na mwalimu anasema, "Endeleeni."

Hilo ndilo kosa la kwanza: tulizoea. Baba alikuwa anasubiri malipo ya kahawa, na alisema tukiondoka kabla ya pesa tutakula nini ng'ambo. Mama aliona mbali zaidi. Jumapili tarehe 29 alimbeba mdogo wangu mgongoni, akavuka daraja la Kyaka kumpeleka kwa wazazi wake, akasema atarudi Jumanne kumchukua bibi. Bibi alikuwa na mguu mbovu, hatembei umbali mrefu. Jumatatu asubuhi, Oktoba 30, magari ya askari yakapita barabarani yakielekea mtoni. Tulikuwa upande wao tayari.

Nikiulizwa ni wakati gani wa kuondoka, siku hizi najibu hivi: watu wa dukani wakianza kuhamisha magunia usiku, ondoka siku hiyohiyo. Mwenye duka wetu alihamisha Alhamisi. Watu wazima waliliona, wakalicheka. Na atakayetangulia atangulie na mzee. Mtoto mchanga hubebeka wakati wowote, bibi mwenye mguu mbovu habebeki dakika ya mwisho. Mama aliyajua haya baadaye, na alijilaumu mpaka anaingia kaburini.

Novemba 1 Amin alitangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni sasa ni la Uganda. Sisi hatukusikia. Redio baba alishaifukia kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba, maana kukutwa nayo ilikuwa kujitafutia kipigo. Kesho yake Mwalimu Nyerere akahutubia taifa, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, ambayo kila Mtanzania anaijua kwa sauti yake. Nimeisikia nikiwa mtu mzima, kwenye gari, nikaegesha pembeni. Siku ile ilipokuwa inasomwa mimi nilikuwa nafundishwa kusema uongo.

Dada yangu alikuwa na miaka 13. Kila mtu kijijini alikwisha kusikia yaliyokuwa yanawapata wasichana na wanawake barabarani, hata kama mbele yetu watoto walisema kwa mafumbo. Kwenye kibanja chetu kulikuwa na shimo la kuvundikia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwa asiyelijua: ni shimo la kina cha kifua cha mtu, linatandikwa majani makavu ya migomba, ndizi zinapangwa, zinafunikwa kwa majani na udongo mpaka ziive. Baba alizitoa ndizi, akamweka dada. Juu akapanga vijiti, majani, udongo kidogo, akaacha tundu la hewa upande wa kisiki. Usiku dada alitoka, alfajiri alirudi ndani. Kazi yangu ilikuwa kucheza karibu na lile shimo bila kulitazama.

Bibi alinikalisha kwenye ngozi yake ya kukalia, akanishika kidevu. "Una dada?" Nikasema ninaye. Akanifinya sikio. "Una dada?" Ninaye, yuko... Akafinya tena. Mara ya nne nikasema, "Sina dada. Sijawahi kuwa na dada." Akaniuliza ghafla wakati wa kula. Akaniamsha usiku akaniuliza. Akaniuliza kwa Kihaya, baba akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sababu askari walikuwa wanasema Kiswahili. Hilo nalo lilinichanganya sana. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya shule, ya redio na ya Mwalimu. Sasa ikawa lugha ya watu wanaovunja milango.

Ijumaa tarehe 3 tulisikia mshindo ambao haukufanana na mizinga. Baba alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Kuna majirani waliovuka usiku kwa mitumbwi kupitia mafunjo, na wengine hawakufika. Baba hakutaka kumwacha mama yake, wala bibi hakutaka kuwa sababu ya sisi kubaki. Waligombana kwa kunong'ona. Ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele, mtoto anausikia wote.

Nilidhani askari watakuja kutuua. Zaidi walikuja kuchukua. Ng'ombe wetu watatu walikwenda siku ya kwanza, na mifugo ya ranchi ya Missenyi ilipita barabarani vumbi likafunika migomba. Kiwanda cha sukari kiliporwa. Milango, madirisha, masufuria, baiskeli, magodoro, vyote vilipanda magari kwenda Mutukula. Siku moja askari mmoja kijana, mwenye sare iliyompwaya, alinikuta nikicheza na gurudumu langu la waya. Akachuchumaa. Mfukoni alikuwa na sukari, sukari tupu, haikufungwa kwa kitu. Akanimiminia kiganjani. "Kijana, dada yako iko wapi?"

Nikasema sina dada. Sijawahi kuwa na dada.

Akacheka, akanifuta kichwa, akaondoka. Nyuma yangu, hatua kama sita, dada alikuwa anasikia kila neno. Niliilamba ile sukari mpaka kiganja kikawa cheupe. Watu nikiwasimulia hutegemea niseme kwamba tangu siku ile sili sukari. Nakula. Vijiko vitatu.

Wiki ya pili walikuja kwa ajili ya mabati. Walimwambia baba apande mwenyewe ayang'oe. Nilikaa uani na bibi tukamtazama akitoa misumari ya nyumba aliyoijenga, na kila msumari aliunyoosha kwa nyundo, akauweka kwenye kopo, kwa mazoea tu, kama vile atautumia tena. Mabati 24. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na hakuna aliyenizuia. Walipomaliza wakamwambia ayabebe pamoja na wanaume wengine mpaka kwenye gari, kisha wakawapakia na wao. Lile kopo la misumari alimpa bibi. Hakutuaga, nadhani kwa sababu ya kutotaka kugeuka upande wa shimo.

Nikauliza, "Baba amekwenda wapi?" Bibi akajibu, "Masaka. Atarudi."

Nitarudi kwenye jibu hilo.

Novemba kwetu ni mwezi wa senene. Mwaka ule walianguka wengi, na hatukuwa na paa, wakaanguka mpaka kitandani. Taa haikuwashwa hata moja kijiji kizima, kwa hiyo hawakuwa na pa kukimbilia, walituelea tu gizani. Bibi aliwasha moto alfajiri, ukungu unapofunika kibanja na moshi haujulikani, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe bila chumvi. Chumvi iliisha mapema kuliko kitu chochote. Ukiniuliza cha kubeba kwanza, chumvi. Pale kwenye mafiga nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: bibi alikula senene. Kwa Wahaya wa zamani senene ni wa wanaume, mwanamke anakusanya, anatayarisha, hali. Alikula akinitazama machoni, na sikusema kitu.

Mchana mimi ndiye niliyekwenda kuchota maji, kwa sababu mtoto mdogo hasumbuliwi sana. Njiani kulikuwa na harufu. Nilifundishwa kupumulia mdomo na kutazama ndoo. Sitasimulia zaidi ya hapo, na ukiwa na mtoto aliyepita njia kama hiyo usimlazimishe asimulie.

Mwishoni mwa Novemba risasi zikasikika kutoka upande wa mtoni, halafu kimya siku mbili. Siku ya tatu watu wenye bunduki wakaingia uani. Sare, matope, Kiswahili. Mimi sikuona tofauti yoyote. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, yaani pale mlango ulipokuwa. Mmoja wao akashusha bunduki begani, akainamisha kichwa: "Shikamoo bibi."

Wale wengine, wa Amin, hawakuwahi kuamkia. Wiki nne nzima hakuna mtu mwenye sare aliyemwamkia bibi yangu. Alifungua mdomo akaitikia, "Marahaba," halafu akaanza kupigapiga udongo kwa kiganja, anataka dada atoke na sauti haitoki.

Hapa ndipo kosa letu kubwa lilipoanza, na ndiyo sababu naandika. Dada alikuwa anaungua homa na ngozi imemvimba kwa unyevu wa shimo. Walimpakia yeye na bibi kwenye lori la wagonjwa, na bibi alinishika mkono, lakini lori likajaa. Mtu akaninyanyua akaniweka kwenye lori la nyuma, akasema tutakutana ng'ambo. Tulivuka mto kwenye daraja la muda la jeshi. Lori la kwanza likaenda Bukoba. Letu likaishia kwenye shule moja ya msingi iliyogeuzwa mahali pa wakimbizi.

Mezani alikaa mwandishi na daftari. Mtu mpole, amechoka. "Unaitwa nani?" Nikasema jina la ubatizo tu. Jina la baba? Nikanyamaza, kwa sababu baba hakutakiwa kutajwa. Una ndugu? "Sina." Dada, kaka? "Sina dada. Sijawahi kuwa na dada." Nyuma yake kulikuwa na askari wawili wanakunywa chai. Kwangu sare ilikuwa sare. Akaandika: mtoto wa kiume, peke yake.

Mama alikuwa anazunguka shule na makanisa kusini ya mto na mdogo wangu mgongoni, anasomewa majina. Alinipata siku ya nne. Alinikumbatia nikasikia moyo wake unavyokwenda, halafu akaniuliza: "Dada yako yuko wapi?" Wale askari walikuwa palepale. Nikamjibu mama yangu mzazi, kwa Kiswahili, "Sina dada."

Aliniuliza tena kwa Kihaya. Nikasema vilevile.

Alielewa kwa namna ambayo mama yeyote angeelewa. Alikaa siku tisa akimlilia mwanawe aliye hai, siku tisa kamili, na wanawake wa pale shuleni wakakaa naye msibani. Mimi nilikuwa naangalia. Nilijua dada yuko hai. Nilijua pia kwamba nikisema, atakufa. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuyabeba mawili hayo pamoja, na kwa nje anaonekana mtulivu, hata watu wanamsifu.

Bibi alifika siku ya kumi kwa lifti ya gari la misheni. Aliposikia matanga ni ya nani alinishika kidevu kama siku ile, mbele ya watu wote, akaniuliza, "Una dada?" Nikasema sina. Akasema, "Imekwisha. Ule uongo niliokupa naurudisha kwangu. Una dada?" Nilishindwa. Akaniuliza mara nyingi, nadhani zilikuwa nyingi kuliko alizotumia kunifundisha. Mwishowe nikalitaja jina la dada, nikajikojolea.

Kwa hiyo, mzazi, kama ulimpa mwanao uongo wa kumwokoa, usidhani utayeyuka wenyewe mkivuka mpaka. Mwambie kwa kinywa kwamba umekwisha. Amwambie yuleyule aliyempa, kwa lugha ileile, na ikibidi mahali penye watu, aone kwamba hata wakisikia hakuna kinachotokea. Kabla ya hapo mpe pia ukweli mmoja wa kubeba: majina yake matatu, jina la kijiji, ukoo, na mtu mmoja wa kumtafuta. Sisi tulikuwa na ukoo mkubwa wenye muziro (totemu, yaani mwiko wa ukoo) wake, jambo ambalo mzee yeyote wa Kihaya angelitumia kunifikisha kwetu kwa siku moja, lakini hakuna aliyenifundisha kulisema mbele ya mgeni. Bibi wa jirani yetu aliwashonea wajukuu vikaratasi kwenye pindo la nguo, na wote walifikishwa kwao ndani ya wiki. Na kwenye uandikishaji, mkiwa hata wawili, ingieni lori moja. Likijaa, shukeni wote.

Kuhusu baba. "Masaka, atarudi." Bibi alijibu hivyo hadi alipofariki, na mama akaurithi uongo huo. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, watu wakashangilia barabarani, nami nikaketi njiapanda kwa sababu Amin ameondoka na baba sasa atapata nafasi ya kurudi. Nilifanya hivyo likizo baada ya likizo. Matanga ya baba tuliyakalia mwaka 1986, bila mwili, nikiwa na miaka 17 na hasira za kutosha kuvunja kiti. Hatukujua kama amekufa, ni kweli. Basi tungeambiwa hivyo: hatujui. Neno hilo linauma, lakini halimkalishi mtoto njiapanda.

Mengine nitayataja kwa haraka. Tuliporudi nyumbani, 1979, hapakuwa na kitu ila migomba, ambayo haiporwi, na lile kopo la misumari. Tuliezeka nyasi. Mwalimu alikwisha kuomba taifa zima lijifunge mkanda miezi 18, na ile miezi ikarefuka, sabuni ikawa ya kupanga foleni, mabati tuliyapata 1983. Nilirudia darasa la tatu na sikuona aibu, nusu ya darasa tulirudia. Kijana mmoja wa kijijini aliokota chuma kidogo kinachong'aa mwaka 1980 akakigonga kwa jiwe, akapoteza vidole. Wakataze watoto kuokota vyuma vya vita, na urudie katazo hilo kila msimu wa kulima, maana jembe huibua vipya.

Dada hakulala chumba kilichofungwa mlango mpaka alipoolewa. Ana miaka 60 sasa, amehamia huku Mwanza kwa mwanawe, na harufu ya ndizi zinazoiva humtoa nje ya nyumba hadi leo. Kuzungumza tulianza tukiwa wakubwa, tena tukimenya ndizi mbichi, macho kwenye kisu. Tukikaa ana kwa ana hatuwezi.

Yote haya nilimweleza yule mama wa vitenge, nikafika kwenye lile la kumwambia mtoto kwamba uongo umekwisha, nikamsisitizia kwamba lazima aseme yuleyule aliyempa. Akanyamaza, anakunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Akasema aliyemfundisha mtoto kunyamaza ni baba yake. Na baba yake hawajui alipo tangu Machi.

Sikuwa na jibu. Nilinunua doti mbili ambazo sikuzihitaji. Nilipofika nyumbani nikampigia dada, nikamsimulia, akanisikiliza hadi mwisho na kuniuliza tu mtoto anapenda kula nini. Jumamosi wanakuja kwangu, mama na watoto wote watatu. Dada ameshasema yeye ndiye atakayekaa na yule kijana jikoni, na kwamba nisiwepo karibu.